Ukipanda Hamsini na Saba, lala huko huko juu

Watu wengi wanaokwenda kutazama nchi kutoka kwenye milima ya huku kwetu huangushwa na saa, si barabara. Familia inatoka Makambako saa nne asubuhi, baada ya chai na baada ya kumsubiri shemeji aliyekwenda kutoa pesa kwa wakala. Saa nane mchana wako juu, wamevaa miwani ya jua, na mbele yao hakuna kinachoonekana ila ukungu. Wanapiga picha wakiwa wameegemea gari, wanakula chipsi zilizopoa, wanashuka. Jioni ukiwauliza wameonaje, watakwambia huko hakuna kitu, ni baridi tu. Kumbe asubuhi ya siku hiyo hiyo, pale pale walipoegesha gari, mtu aliyeamka mapema aliliona bonde la Usangu lote mpaka macho yakachoka.

Hapo ninapopazungumzia ni Hamsini na Saba, barabara inayoiacha lami ya TANZAM pale Chimala na kuukwea mlima hadi Matamba. Jina ni hesabu ya kona zake. Chimala iko Mbarali, mkoa wa Mbeya. Ukizimaliza kona uko wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe, huu uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Kwa mtu wa Makambako si mbali, na raha yake ni kwamba hulazimiki kurudi kwa njia uliyoendea. Ukivuka nyanda za Kitulo unatokea Makete mjini, na kuanzia hapo lami inakuchukua kilomita mia moja na ushee hadi Njombe, kisha sitini hivi hadi Makambako. Ni mzunguko kamili. Wapo waliozaliwa na kuzeekea kando ya mzunguko huu bila kuumaliza hata mara moja. Mlima kwao ni mahali panapotoka viazi na mbao, na siwalaumu, maana wao wanapanda kwa kazi.

Ukungu una sababu yake. Usangu iko kwenye mita elfu moja na kitu juu ya usawa wa bahari, Kitulo iko kwenye mita 2,600. Jua likishapanda, hewa ya bondeni inapata joto na kuanza kuukwea mlima, na kadiri inavyokwea inapoa, mpaka unyevu uliomo ndani yake unakuwa wingu. Kwa hiyo ukingo huanza kufunga kuanzia saa nne au saa tano, siku nyingine mapema zaidi, na mara nyingi hufunguka tena jioni jua linapolegea. Nafasi ya uhakika ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi. Kuiwahi ukitokea Makambako maana yake ni kuendesha usiku katikati ya malori ya Tunduma, kisha kuingia kwenye kona zile gizani, na hilo simshauri mtu yeyote. Ndiyo maana nasema lala juu. Kitanda cha Matamba ni sehemu ya tiketi ya kuona.

Mwezi nao una neno lake. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na wanaofuata maua ya Kitulo hupanda ndani ya msimu huo huo, kuanzia Desemba, wakijua kwamba barabara ya udongo huko juu ikilowa inateleza kama sabuni. Juni hadi Agosti asubuhi huwa safi, ila baridi ni ya kweli; umande wa Kitulo huganda usiku, na ukiamka unakuta majani yamekuwa meupe. Septemba na Oktoba barabara ni kavu na nzuri, lakini ndiyo miezi ya kuchoma mashamba, na moshi unalifanya bonde zima lionekane kijivu. Picha za Oktoba kila mtu huzilalamikia, anadhani simu yake imeharibika. Mimi nikiulizwa nataja Mei, hasa baada ya tarehe kumi na tano. Mvua zimekwisha kuosha hewa, majani bado mabichi, udongo umeanza kushikamana, na baridi haijakaza. Maua utakuta yale ya mwisho mwisho. Anayetaka yote mawili, maua na anga safi, ajaribu bahati yake siku ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa kukatika, na awe na gari la kupigia matope.

Kabla ya kuondoka Makambako, mpelekee fundi gari akague pedi za breki, tairi na maji ya rejeta. Fundi wa Makambako anazijua breki za milimani kuliko fundi wa pwani, maana malori yote ya Songea, Mbeya na Dar yanapita mlangoni pake. Jaza mafuta Chimala, na toa pesa taslimu huko huko chini. Ukiondoka Makambako saa mbili hutakuwa na sababu ya kukimbia; vijiji ni vingi njiani, na kila kijiji kina kibao chake cha hamsini na askari wake wa barabarani.

Kwa nini kupandia Chimala na kushukia Makete, badala ya kinyume chake? Kwanza, kona zile ni salama zaidi kwa anayepanda. Gari linalopanda likizidiwa linasimama lenyewe. Linaloshuka likizidiwa halisimami. Pili, ukipanda kwa Chimala hutakuwa na haja ya kuzishuka kona zote, kwa sababu njia yako ya kutokea ni lami ya Makete. Tatu, sehemu ngumu unaimaliza siku ya kwanza ukiwa bado una nguvu. Kuna watakaokwambia kwamba mandhari yanaonekana vizuri zaidi ukishuka kwa sababu bonde liko mbele ya kioo. Ni kweli kwa abiria. Dereva anayetazama bonde katikati ya kona ana shida nyingine.

Panda kwa gia nzito toka mwanzo, usingoje injini ianze kulia. Kwenye kona usiyoiona mwisho wake piga honi kabla ya kuingia, kisha nyamaza usikilize. Anayepanda ndiye mwenye haki ya njia, lakini usiidai haki hiyo mbele ya fuso iliyojaa viazi. Mpishe, tena mpishe ukiwa upande wa mlima na si upande wa korongo. Sindano ya joto ikianza kupanda, tafuta pahala penye upana, simama, acha injini iungurume taratibu mpaka ipoe, na usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya moto. Na kama siku moja italazimu uzishuke kona hizo, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Wenye gari za otomatiki wasiiache kwenye D; washushe hadi 2 au L, injini ishikilie gari, breki ibaki ya kugusa tu. Ile tabia ya kuweka nyutro ili kubana mafuta ndiyo inayounguza breki, na harufu ya breki inayoungua ukiisikia ndani ya gari, simama hapo hapo.

Habari za juu waulize wanaotoka juu. Madereva wa viazi ni watu wa maneno machache lakini ya kuaminika, na salamu ndiyo ufunguo.

“Shikamoo mzee, samahani. Huko juu kukoje?”

“Marahaba mwanangu. Kona za mwisho kumeziba kidogo, ila kunapitika. Kuna fuso mbili nyuma yangu, zisubiri hapo hapo penye upana.”

Maneno hayo yanatosha. Usipowasalimia, utaambiwa “kuzuri tu” na gari litaondoka.

Asiye na gari asikate tamaa. Kutoka Chimala zipo gari za abiria za kupanda Matamba, huondoka zikijaa, kwa hiyo fika mapema. Usigombanie dirisha la upande fulani, maana kila kona inahamisha bonde kutoka kushoto kwenda kulia. Mwenye kiti cha upande wa mlima anasubiri dakika chache tu na yeye anakuwa mfalme. Watoto na wenye matumbo mepesi wakae mbele, wale kidogo na bila mafuta, watafune tangawizi. Masikio yakiziba, kupiga miayo au kumeza mate kunayazibua, na mtoto mchanga mpe titi. Anayepanda na bodaboda avae glovu, maana vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki.

Kuna watu wa kuwaonea huruma mapema. Mita 2,600 si Kilimanjaro, wengi watasikia kichwa kizito tu na pumzi fupi wakitembea haraka. Lakini mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa moyo au mwenye pumu kali amwone daktari kwanza; hewa nyepesi pamoja na baridi vinaweza kumwangusha mtu ambaye Makambako alikuwa anacheka. Na wote, weusi kwa weupe, wapake mafuta ya kuzuia jua au wavae kofia. Baridi ya juu inadanganya, unarudi nyumbani pua imebabuka.

Ukifika kona za juu, egesha nje kabisa ya njia, weka jiwe nyuma ya tairi, kisha tazama kaskazini. Kilichotandaa chini ni Usangu. Vitalu vya mpunga vya Mbarali vinaonekana kwa mistari ya majaruba, na ukipata asubuhi ambayo maji bado yamo ndani yake, yanang'aa moja baada ya jingine kadiri jua linavyosogea kutoka mkono wako wa kulia. Mstari wa lami ni TANZAM. Mstari mwembamba zaidi, utafute kwa utulivu, ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ukibahatika treni ikapita, utaiona muda mrefu kabla ya kuisikia, au hutaisikia kabisa.

Mtu aliyekwenda na watoto wa shule awaonyeshe maji. Vijito vinavyotoka nyuma yako, kwenye majani ya Kitulo na Kipengere, vinateremka na kuwa mito ya Chimala, Kimani na Mbarali; mito hiyo inanywesha mpunga wa bondeni, inaingia kinamasi cha Ihefu, inatoka ikiitwa Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu unapita hifadhi ya Ruaha, unajaza bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80 na la Kidatu lenye megawati 204, kisha maji yale yale yanaungana na Rufiji na kufika bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Jiografia ya namna hiyo darasani inachosha. Hapo ukingoni unanyoosha kidole tu, na mtoto anakuelewa. Jambo jingine la kuwaonyesha: funga vizuri chupa tupu ya maji ukiwa Kitulo, iweke nyuma ya kiti. Ukishafika chini utaikuta imebonyea yenyewe, na maswali yatakuwa mengi kuliko njia iliyobaki.

Ukingo hauna uzio. Mawe ya pembeni yanalegea baada ya mvua, na kijana anayerudi nyuma hatua moja moja ili apate selfi nzuri ni wa kushikwa mkono. Lingine la kukera: mifuko ya chipsi na chupa zinazotupwa korongoni. Beba mfuko wa taka.

Matamba ni mji mdogo, gesti zake ni za kawaida. Uliza blanketi la pili kabla hujalipa, uliza maji ya moto ya kuoga yanapatikana saa ngapi, na ukipata uji wa moto usiku usiudharau. Hapa nataka niseme jambo kwa mkazo, maana watu wanakufa nalo kila msimu wa baridi katika mikoa yenye baridi: usiingize jiko la mkaa chumbani. Hata kama umefungua dirisha kidogo. Hata kama mwenyeji wako kwa upendo mkubwa amekuletea na kukuambia hapa wote tunafanya hivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Vaa soksi mbili, vaa kofia ya sufu, lala na koti. Jiko libaki nje.

Alfajiri rudi hadi kona za juu ukatazame bonde, kisha geuza gari uelekee Kitulo. Watu wa huku huita nyanda hizi Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, nayo ni hifadhi iliyoanzishwa kwa ajili ya maua kabla ya wanyama. Okidi peke yake zinafika aina 45. Moja ya sababu zilizofanya ilindwe ni biashara: viazi vya okidi vilichimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Kwa hiyo ukiona mlinzi anakukazia macho unapoinama kwenye maua, ana historia yake. Usichume, hata moja ya kumpa mchumba.

Kupita ni jambo moja, kushuka na kutembea ni jambo jingine. Pitia ofisi ya hifadhi Matamba, lipa kiingilio, chukua mtu wa kukuongoza. Malipo ya hifadhi za taifa ni ya kielektroniki kwa namba ya kumbukumbu, na mtandao wa simu huko juu huja na kuondoka, basi shughulikia malipo ukiwa bado mjini. Faida ya Kitulo ni kwamba simba na tembo hawapo, unatembea kwa miguu yako. Mlima Mtorwi, wenye mita 2,961, uko humo. Unaupita Rungwe kwa tofauti ndogo mno, na ukitaka kumchokoza rafiki yako wa Tukuyu mpigie ukiwa juu yake.

Kama mvua imenyesha usiku kucha na gari lako ni IST, usibishane na udongo wa Kitulo. Ngoja lipatikane gari la juu, au panga safari kwa upande mmoja tu: Makambako, Njombe, Makete, na kurudi, lami mwanzo hadi mwisho. Hutapata bonde la Usangu, lakini utapata migongo ya Kipengere, mabonde ya misitu ya kupandwa, vijiji vya Wakinga vilivyoning'inia kwenye miteremko, na kwa wazee au wenye watoto wachanga hiyo ndiyo safari yenye akili. Wenye hamu ya Ziwa Nyasa wapitie Ludewa hadi Lupingu, mteremko mkali wa kufika ufukweni. Nao unahitaji breki nzuri na siku yake peke yake, usiuchanganye na mzunguko huu.

Viazi nunua mwishoni. Watu wengi wakiona bei ya gunia Matamba wanapagawa, wanapakia magunia matatu nyuma ya gari dogo, kisha wanauvuka mlima na kuushuka na uzito huo juu ya breki. Viazi vya Makete utavikuta pia barabarani ukikaribia Njombe, pamoja na maparachichi, na tofauti ya bei haifiki gharama ya pedi mpya. Ulanzi nao una zamu yake. Ukikaribishwa kikombe cha mtogwa wakati wa mvua, abiria wanywe. Dereva aombe afungiwe wa kwake kwenye dumu, na mfuniko asiukaze, kwa sababu ulanzi unaendelea kuchachuka njiani na dumu lililokazwa hupasukia kwenye viti.

Njombe mjini, ukiwa na nusu saa, simama kwenye maporomoko ya Luhuji, yako karibu kabisa na barabara ya Songea na hayahitaji kupanda chochote. Ukiingia Makambako jua limeshazama na bado una safari ya Dar, Songea au Mbeya, tafuta gesti karibu na stendi, uondoke na gari za asubuhi.